Mwavuli Kati Yangu na Mkaza Mwana

Ugomvi wangu wa kwanza ulikuwa na timazi.

Mimi ni fundi mwashi. Nimewajengea watu nyumba kuanzia kwetu Nyaramba mpaka Nyakoe na Nyamarambe, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia ukuta wangu umepinda. Siku hiyo nilikuwa Nyakoe, nikimjengea duka mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa mjini Kisii, mtu mpole wa kofia nyeupe. Nikarudi nyuma kidogo kuutazama ukuta, kama ninavyofanya siku zote, nikaona una tumbo. Pale katikati matofali yalikuwa yamejitokeza nje kama mtu aliyetoka harusini. Nikashusha timazi. Uzi ukatulia, na timazi likasema ukuta umenyooka.

Nikalikasirikia. Nikaweka pimamaji, kiputo kikakaa katikati kabisa. Nikasema pimamaji nayo imeharibika, vitu vya siku hizi vyote ni bandia. Nikaenda dukani mwenyewe nikanunua timazi jipya, nalo likasema yaleyale. Basi nikajua wamekula njama. Nikachukua nyundo nikaanza kubomoa.

Mwenye duka alifika nikiwa nimeshaangusha safu kadhaa. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Fundi, huu ukuta umekukosea nini?"

"Una tumbo."

"Mbona mimi silioni?"

"Wewe ni mtu wa kupima unga na sukari. Tumbo la ukuta utalijulia wapi?"

Hakukasirika. Aliinua kidole chake mbele ya uso wangu akaniuliza kama kimenyooka. Nikakitazama vizuri. Kilikuwa kimepinda katikati, tena vibaya. Nikampa pole, nikamuuliza kilivunjika lini.

Akakishusha polepole. "Mzee wangu, una ugonjwa wa sukari?"

"Ninao. Kwani umeandikwa usoni?"

"Mama yangu alianza hivihivi. Aliona mistari ya mkeka imekwenda kombo, akamgombeza aliyeusuka. Nenda ukapimwe macho. Ukuta utakungoja."

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, lakini kile kidole kilinitisha. Maana alipokiinua mara ya pili nikafumba jicho hili, kisha lile, na kila jicho lilikuwa na kidole chake.

Kusema kweli dalili zilikuwepo. Sukari nilikuwa nayo miaka mingi, na vidonge nilivimeza nilipojisikia vibaya. Nilipojisikia vizuri niliviacha navyo vipumzike. Kisha kukaja uzi mweusi katika jicho la kulia. Nilidhani ni masizi ya jikoni. Nilikuwa nikiupungia mkono ili uondoke, na mke wangu akawa ananiuliza ninamuaga nani. Chai nikawa naimimina pembeni ya kikombe. Ndizi mbichi na mbivu nikawa nazijua kwa kuzibonyeza. Watu nikawatambua kwa kikohozi.

Na kuna jambo la gunia. Asubuhi moja nilimwona jirani yangu amesimama kwenye baraza la kituo tunakouzia majani chai. Nikamwamkia, "Bwakire." Akanyamaza. Nikarudia kwa sauti. Kimya. Sasa hapo nilipandwa na hasira, nikamwambia yote niliyokuwa nimeyaweka moyoni kuhusu mpaka wa shamba letu na ng'ombe wake wanaokula ndizi zangu. Watu walinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima kubwa. Lilikuwa gunia la mbolea, na mtu alikuwa amelivika kofia ili mvua isiingie mdomoni. Jirani mwenyewe alizipata habari zote jioni ileile, neno kwa neno, na tangu hapo yeye ndiye asiyeniamkia.

Basi nikaenda Kisii kwenye kliniki ya macho. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wabishi. Alinitia dawa, akanimulika, akachungulia ndani ya macho yangu kwa muda mrefu, kisha akanieleza. Alisema sukari imeiharibu mishipa midogo ya damu iliyoko kwenye ukuta wa nyuma wa jicho, ule unaopokea picha. Mingine inavuja, na maji yake yamefurisha pale katikati, ndiyo maana mistari naiona imepinda. Mingine mipya imeota, lakini ni dhaifu, inapasuka ovyo. Katika jicho la kulia imeshapasuka, na ule uzi mweusi ni damu.

"Nimeelewa," nikamwambia. "Bomba limepasuka ndani ya ukuta na plasta imefura."

"Haswa, mzee."

"Basi bomoa, weka bomba jipya."

"Huku hatubomoi. Tutaichoma ile mishipa mibaya kwa mwanga. Kilichokwisha kupotea siwezi kukurudishia. Nataka kulinda kilichobaki." Akaniandikia kadi ya miadi. "Jicho la kulia tutalingoja damu itulie. La kushoto ndilo unalolitegemea, na hili lina mishipa ileile. Likipasuka kama mwenzake, utabaki huna la kuonea. Usikose siku ya miadi. Na uje na mtu wa kukushika mkono, maana ukitoka hapa hutaona kitu kwa saa kadhaa."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu kila kitu, kwa sababu yeye hadanganyiki, nilishajaribu ujanani. Akasema atanipeleka yeye. Akaniandalia shati. Kisha, siku chache kabla ya miadi, akaenda kuchuma majani chai baada ya mvua, akateleza kwenye mteremko akavunjika mguu.

Alirudishwa amefungwa plasta mpaka gotini. Nikaitazama ile plasta nikamwambia aliyeipiga si fundi, ina mabonde. Akaniambia mabonde yako machoni mwangu, na kwamba nikiugusa huo mguu kwa nyundo atanihama.

Sasa lazima nieleze boma letu lilivyo. Nyumba yangu na ya mwanangu wa kiume zimetazamana upande huu na ule wa mstari wa migomba. Yake niliijenga mimi. Aliniambia, "Baba, nijengee kama yako," na mimi ramani ninayo moja tu, iko kichwani. Kwa hiyo ngazi ni zilezile, dirisha liko palepale, na komeo la mlango ni lile la kuinua kwanza ndipo usukume. Kila jiwe la nyumba ile lilipita mikononi mwangu. Lakini tangu siku mwanangu alipomleta mke akawasha moto humo ndani, sijawahi kukanyaga. Kwetu sisi Wakisii ndivyo ilivyo. Kuna ensoni, yaani ile haya na heshima kati ya wazazi na watoto wao waliooa. Baba haingii nyumba ya mwanawe. Mkaza mwana hampi baba mkwe mkono, hamgusi, na wakikutana njiani kila mmoja ana upande wake. Mjini siku hizi watu wanakumbatiana, mimi sijui. Kwetu Nyaramba hatukumbatiani.

Mwanangu yuko Nairobi kazini. Mkewe amebaki nyumbani na mtoto mchanga na majani chai. Tangu aolewe tulikuwa tumesalimiana kwa mbali tu, yeye akitazama chini na mimi nikitazama mawingu.

Siku ile nilikuwa natoka kukata majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe. Jua la mchana lilikuwa kali, na jua kali siku hizo lilinimwagia kitu cheupe machoni, nikawa natembea kwa kumbukumbu ya miguu. Miguu ikapanda ngazi. Mkono ukainua komeo. Ndani palikuwa na giza kama pango, kwa sababu macho yangu yalikuwa hayawezi tena kutoka juani yakaingia kivulini upesi. Nikapapasa kiti kilicho karibu na dirisha, kikawepo. Nikapapasa meza, nikakuta ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, umefunikwa kwa sahani. Nikala.

"Chumvi leo umemwaga," nikasema.

Mke wangu hakujibu. Kwenye kona nilimwona amekaa, mkubwa, mweupe, nikajua amejifunga shuka. Nikafikiri amekasirika kwa sababu ya yale maneno ya plasta.

"Sawa, nuna. Mimi nitasema peke yangu." Nikakata tonge. "Nimeambiwa nisiogope, lakini naogopa. Kuta nitazijua kwa mkono. Chai nitamimina kidole kikiwa ndani ya kikombe, nikiungua nitajua kimejaa. Lakini watu watanisalimia nisijue ni nani, nitakuwa nacheka na kila mtu kama mjinga. Mjukuu sijamwona uso vizuri hata siku moja. Ukimleta namwona ni ukungu una meno mawili. Na wewe na huo mguu wako. Mama watoto, nikipofuka, nani atanishika mkono?"

Kimya. Mambo kama hayo sikuwa nimemwambia mtu maishani mwangu, na yeye amekaa tu. Nikaona amezidi.

"Nijibu basi, mwanamke!"

Hapo nikasikia sauti ya mke wangu. Ilitoka mbali, ng'ambo ya migomba, dirishani kwetu.

"Wewe mzee! Unaongea na nani huko?"

Nilibaki na tonge mdomoni. Nyuma ya pazia la chumba cha kulala, hatua chache kutoka nilipokaa, mtoto akaanza kulia, na mtu akambembeleza kwa mnong'ono. Mkaza mwana alikuwa humo tangu mwanzo. Hakuweza kutoka kwa sababu baba mkwe yuko sebuleni. Hakuweza kujibu kwa sababu kujibu kungekuwa kunikaribisha. Alikuwa amesimama pale na mtoto, akisikiliza.

Sikujua niliteme lile tonge au nilimeze. Nikalimeza, maana kutema ndani ya nyumba ya mwanao ni vibaya zaidi. Nikatoka kinyumenyume. Aibu niliyoisikia siku hiyo ilinifanya nitamani ardhi inimeze, tena mguu wangu wa kwanza ulikosa ngazi, nikakaribia kupata nilichotamani. Yule mtu mweupe wa kwenye kona, niliambiwa baadaye, ni friji. Mwanangu aliinunua, wala sikuwa na habari.

Kabla jua halijatua kaka yangu mkubwa alishafika na wazee wawili wa ukoo. Kaka yangu anajua mila zote, na mke wangu husema anazijua zaidi zile zenye nyama. Wakaketi nje chini ya paa. Mke wangu akanyoosha mguu wake wa plasta mlangoni ili asikose neno.

"Uliingia?" kaka akauliza.

"Niliingia."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Ulijua ni kwa nani?"

"Sikujua. Sikuona."

Kaka akaegemea mbele. "Kwa hiyo wewe ni kipofu."

"Hapana. Jicho la kushoto bado lina kazi."

Akarudi nyuma na kuwatazama wenzake. "Hapa ndipo pagumu. Kipofu akiingia nyumba ya mwanawe hana kosa, kwa sababu hajaona ya ndani. Mwenye macho akiingia ana kosa, atatoa mbuzi tusafishe boma. Sasa wewe uko wapi?"

"Niko katikati."

"Katikati hakuna mila."

Wakanong'onezana. Kisha mzee mmoja, mtu mwema kabisa, akakohoa akasema, "Daktari alisema hilo jicho la kushoto linaweza kupasuka wakati wowote?"

"Ndiyo."

"Basi tusiharakishe. Tungoje. Likipasuka, kosa litafutika lenyewe na mbuzi atabaki zizini."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa wamenionea huruma kwa dhati, wakanitafutia njia ya kuokoa mbuzi. Nilisimama nikawaambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na niliyaelekeza kwa mzee asiyehusika, kwa sababu walikuwa wamebadilishana viti.

Uamuzi ukawa hivi: boma litasafishwa mwisho wa mwezi, mwanangu atakaporudi kutoka Nairobi, kwa sababu bila mwenye nyumba haiwezekani. Mpaka siku hiyo, mimi na mkaza mwana tusipite njia moja. Miadi yangu ya kuchomwa jicho ilikuwa Alhamisi ya wiki hiyohiyo.

Nilipiga simu kliniki kuomba siku nyingine. Wakasema nafasi ya karibu iko mbali sana, na daktari amesema nisiahirishe. Nikampigia mwanangu. Akasema, "Buda, uliongea na fridge?" Nikamkatia. Binti zangu wameolewa mbali. Jirani angenisindikiza, ni mtu mzuri, lakini kulikuwa na lile gunia. Kaka yangu ana miguu mizima. Alisema akienda nami ataonekana ameegemea upande mmoja kabla kesi haijaisha.

Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi nililifumba jicho la kulia nikatazama kwa la kushoto, kuhakikisha bado liko. Mlima ulikuwepo. Migomba ilikuwepo, imepinda. Nilikaa nikiitazama hiyo migomba iliyopinda kama mtu anayemwangalia mgeni anayefunga mizigo yake.

Mke wangu akamwita mkaza mwana. Akamwita kwa sauti kubwa kutoka kitandani, mimi nikiwa palepale.

"Utampeleka baba yako Kisii siku ya Alhamisi."

Kutoka nje, upande wa pili wa ukuta, mkaza mwana akaitikia, "Sawa, mama."

"Na ensoni? Na wazee waliosema tusipite njia moja?" nikauliza mimi.

"Ensoni ina jicho? Wewe ndiye mwenye jicho, tena moja." Akaniuliza mkaza mwana haruhusiwi kunigusa, sivyo? Nikasema ndivyo. Akasema basi hatanigusa. Akapenyeza fimbo yake chini ya kitanda akauvuta mwavuli wetu mweusi. "Atashika ncha, wewe utashika kishikio. Mila imesema mkono. Haijasema mwavuli."

Ndivyo tulivyokwenda Kisii. Mtoto alibaki kwa bibi yake, yeye na plasta wakitazamana. Mkaza mwana alitangulia, mwavuli umelala kati yetu, na mimi nyuma. Hatukusemezana. Pale stendi ya Kisii mtu mmoja alimuuliza mzee amekamatwa kwa kosa gani. Mama mmoja muuza mboga akasema pole, akadhani nina kichaa. Nikamwambia kichaa ni yeye, na kwa mara ya kwanza nikasikia mabega ya mkaza mwana yakitikisika. Mwavuli wote ulitikisika. Alikuwa anacheka. Nilijifanya sijui.

Muuguzi wa kliniki alikuwa mtu wa upande wa ziwani. Alipokwisha kunitia dawa akasema, "Haya, binti, mshike mzee mkono umlete ndani."

"Si binti, ni mkaza mwanangu," nikasema. "Kuna mwavuli."

Akatutazama, akautazama mwavuli, wala hakucheka. "Kwetu mtu na mama mkwe wake ni vivyo hivyo," akasema, akaushika mwavuli kwa adabu upande wa ncha, akaniingiza.

Ndani niliweka kidevu kwenye chuma na paji la uso kwenye mkanda. Daktari akanibandika kioo juu ya jicho, akaniambia nisitikisike. Kisha mwanga ukaanza kupiga, wa kijani, mmoja baada ya mwingine, kama fundi wa kuchomelea mageti. Kuna iliyopita tu, na kuna iliyochoma mpaka nyuma ya kichwa. Nilihesabu matofali ili nisisogee. Nilijenga ukuta mzima humo ndani, nao ulinyooka. Alipomaliza nilifungua jicho, sikuona chochote isipokuwa rangi ya zambarau.

"Ni kawaida," akasema. "Itapungua. Umefanya vizuri, mzee. Uje tena tulitazame. Na vidonge unywe kila siku, si siku za kuumwa tu."

Tulipotoka nje mvua ilikuwa imeanza, ile mvua ya Kisii ya alasiri isiyobisha hodi. Hapo tukasimama wote wawili, na najua tulikuwa tunawaza jambo moja. Mwavuli tulikuwa nao. Lakini tukiufungua, nitashika nini? Na tukikaa chini yake pamoja, bega kwa bega, hiyo ni mila gani? Basi tukaenda tumeushika umefungwa, mvua ikatunyeshea kichwani, barabara nzima ya mji watu wakitutazama tunavyolowa na mwavuli mzima mkononi. Mtu mmoja alitupigia kelele kutoka kibarazani: "Unafunguka huo!" Nikamwambia ashughulike na yake.

Tulikuwa katikati ya barabara, tunavuka, pikipiki zinapiga honi kila upande, mkaza mwana akavuta tupite haraka. Kishikio kikang'oka.

Nilibaki nimekishika mimi, kipande cha plastiki mkononi, na mwavuli ukaenda zake. Nilisimama. Kila kitu kilikuwa zambarau na kelele. Sikujua mbele ni wapi. Nilitaka kuita, nikakumbuka sijawahi kumwita mkaza mwana kwa jina lolote, sikuwa na neno la kumwitia. Honi ikapita karibu sana na goti langu. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kama mtoto.

Mkono ukanishika. Ulikuwa mdogo, umelowa, una sugu chini ya kidole gumba ya kuchuma majani chai. Ulinishika kwa nguvu, haukuwa na haya yoyote, ukanivusha mpaka ng'ambo, ukaniweka chini ya paa la duka. Hata pale haukuniachia.

"Baba, ni mimi," akasema. Alikuwa anahema. "Siku ile uliuliza nani atakushika mkono. Nilikusikia. Nilikuwa nyuma ya pazia, sikuweza kukujibu."

Maji ya mvua yalinitiririka usoni, yakasaidia kuficha mengine. Tulikwenda hivyo mpaka stendi na hivyo mpaka nyumbani, mkono kwa mkono, na mwavuli alikuwa ameutupa.

Mwisho wa mwezi mwanangu akaja, na wazee wakaketi. Wakati huo nilikuwa nimeshamwona daktari tena. Jicho la kushoto limesimama pale lilipokuwa. Mistari bado imepinda, lakini damu haijamwagika, na la kulia bado tunalingoja. Kuhusu mbuzi wa kosa la kuingia nyumba tulikubaliana haraka. Kisha kaka yangu akasafisha koo.

"Kuna jambo lingine. Watu waliokuwa Kisii wanasema walikuona umeshikwa mkono na mkaza mwana. Mjini, mchana, watu wakitazama."

Mwanangu akatazama viatu vyake. Ng'ambo ya migomba, mlangoni kwake, niliona doa jekundu: leso ya mkaza mwana, amesimama hatikisiki. Kama kosa ni langu nitatoa mbuzi. Kama ni lake, atatajwa mbele ya ukoo kuwa ni mwanamke asiye na ensoni, na jina hilo halifutiki upesi kwetu.

Kaka yangu ananipenda, nadhani. Akainama akaniambia taratibu, "Lakini ulikuwa umetiwa dawa. Umechomwa mwanga. Hukuona nani amekushika, ungeweza kudhani ni muuguzi. Sema tu hukuona. Mzigo utakuwa wa mtoto wa watu, mwanamke ataonywa kidogo, yaishe, tunywe chai."

Na ilikuwa kweli. Sikuwa nimeona hata kivuli.

"Niliona," nikasema.

"Uliona nini?"

"Niliona vizuri sana. Niliona ni mkaza mwanangu, nikamwomba mkono, akanipa kwa sababu mimi ni baba yake na nimemwamuru. Andika kosa langu. Tena nitaomba kila nikienda Kisii, kwa hiyo kama kuna mbuzi wa mwaka mzima, mseme mapema."

Mke wangu alicheka huko mlangoni mpaka akashika plasta. Kisha kaka akasema mbuzi wawili, na kwamba wa pili ni wa kuimaliza kabisa habari ya mkono, isiulizwe tena.

Nikasema nitawafungua mwenyewe. Niliingia zizini, nikamtoa wa kwanza, nikamkabidhi mwanangu. Nikarudi, nikapapasa, nikamshika wa pili shingoni, nikaanza kumvuta. Alikuwa mbishi kidogo.

"Baba," mkaza mwana akaita kutoka mlangoni kwake, mbele ya wazee wote. "Huyo ni mbwa. Mbuzi yuko kushoto."

Nikamwachia mbwa, nikaenda kushoto.